Gari la kasi kutoka mnada wa Japani: Karatasi husimulia bati, injini hunyamaza

Na Mwandishi Wetu

KWA wakazi wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam waliokua wakifuatilia Safari Rally, majina ya Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution si mageni. Colin McRae alishinda mbio hizo nchini Kenya mwaka 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akashinda kwa Impreza mwaka 2000. Kabla na baada yao, Tommi Mäkinen alitamba kwa Lancer mwaka 1996 na mwaka 2001. Ndugu za magari hayo, yaani yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya barabara za kawaida, yangali yanauzwa katika minada ya Japani, na mtu mwenye simu ya mkononi na akiba yake benki anaweza kulinunua moja akiwa amekaa kibarazani Sinza au Buruburu.

Urahisi huo ndio unaostahili kutazamwa kwa makini. Mtu akikosea kununua gari dogo la familia, hasara yake mara nyingi ni rangi iliyopauka, bampa lenye ufa na safari chache za gereji. Akikosea kununua gari la turbo lenye nguvu ya farasi 280, injini inaweza kunoki wiki chache baada ya kutoka bandarini, na gharama ya kuishusha na kuifufua ikala fedha ambazo zingetosha kununua gari jingine la kawaida. Swali basi si kama magari hayo ni mazuri, kwa kuwa ni mazuri sana. Swali ni mnunuzi aliye mbali anajua nini hasa kuhusu kile anachokilipia.

Sekunde chache kwa kila gari

Minada mikubwa ya Japani haiko wazi kwa kila mtu. Ni minada ya wafanyabiashara wenye uanachama, na mkubwa kati yake ni ule wa kampuni ya USS, iliyoanzishwa mwaka 1980. Kituo chake cha Tokyo, ambacho kwa kweli kipo Noda katika mkoa wa Chiba, huendesha mnada kila Alhamisi na huweza kupitisha magari zaidi ya 10,000 kwa siku moja. Mnunuzi wa Afrika Mashariki huingia humo kwa mgongo wa wakala, ambaye ndiye mwanachama, ndiye anayebonyeza kitufe cha kupandisha bei, na ndiye anayetoza ada kwa kazi hiyo.

Kwa wingi huo wa magari, kila moja hupata sekunde chache tu mbele ya wanunuzi. Hakuna anayeliendesha hadi mwisho wa barabara kulijaribu. Mkaguzi wa mnada hulizunguka, hulifungua, huliwasha, huandika anachokiona, kisha huenda kwa linalofuata. Kile anachokiandika ndicho kinachoitwa karatasi ya mnada, na kwa mnunuzi aliye ng'ambo, karatasi hiyo pamoja na picha chache ndilo gari lenyewe mpaka siku meli itakapotia nanga.

Ni karatasi ya kuheshimiwa. Juu yake huwekwa daraja la jumla: S au 6 kwa gari jipya au karibu jipya, 5 na 4.5 kwa lililotunzwa vizuri sana, 4 kwa zuri lenye alama za matumizi, 3.5 na 3 kwa lenye mikwaruzo na mibonyeo inayoonekana, na kushuka kutoka hapo. Herufi R au RA humaanisha gari liliwahi kupata ajali na kukarabatiwa. Katika minada mingi daraja 1 hupewa magari ambayo injini au mfumo wake wa gia umebadilishwa kwa kiasi kikubwa, na wakati mwingine yaliyopitiwa na maji au moto. Ndani ya gari hupewa herufi yake peke yake, kuanzia A kwenda chini.

Chini ya karatasi kuna mchoro wa gari uliojaa herufi na namba. A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi upya, S ni kutu, X ni kipande kinachohitaji kubadilishwa, na XX ni kilichokwisha kubadilishwa. Namba inayofuata hueleza ukubwa: A1 ni mkwaruzo mdogo, A3 ni mkubwa. Ukiona W3 katika mlango wa nyuma, jua kwamba unyooshaji wake unaonekana kwa macho bila kutafuta.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka. Neno la Kijapani linalotafsiriwa kuwa "historia ya ukarabati" lina maana finyu. Huhesabiwa tu iwapo sehemu za mifupa ya gari, kama chesisi, nguzo za milango, paa au sakafu, zimenyooshwa au kubadilishwa. Boneti, madigadi, milango na bampa hufungwa kwa nati, na gari linaweza kubadilishiwa vyote hivyo na bado likauzwa kama lisilo na historia ya ukarabati. Hakuna udanganyifu hapo, kwa kuwa ndivyo kanuni inavyosema. Lakini gari la kasi lililobadilishiwa boneti na madigadi yote mawili ya mbele liligonga kitu, na ni juu ya mnunuzi kuuliza radieta na turbo vilikuwa wapi wakati huo.

Yasiyoandikwa

Ukisoma karatasi mia moja, utagundua kwamba karibu maneno yote yanahusu bati, rangi, viti na vioo. Injini hutajwa iwapo inavuja oili, inatoa moshi, au ina mlio usiofichika. Mkaguzi hapimi mgandamizo wa kila silinda. Hafungui sampo kutazama kama oili ina chembe za chuma. Kwa gari la kawaida pengo hilo si kubwa, kwa kuwa injini isiyo na turbo iliyobadilishiwa oili kwa wakati hudumu sana. Kwa gari la kasi, pengo hilo ndilo ununuzi wote.

Sababu ni kwamba magari haya hayazeeki kwa kilomita peke yake. Impreza iliyotembea kilomita 60,000 ikimpeleka mwalimu kazini ni tofauti kabisa na iliyotembea kilomita hizo hizo katika viwanja vya mbio siku za Jumapili, ijapokuwa zote mbili zinaweza kupata daraja 4. Clachi, sinkronaiza za gia, fani za kishafti na turbo huweka kumbukumbu za dereva ambazo hakuna mkaguzi wa nje anayeweza kuzisoma.

Kisha kuna suala la marekebisho. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi mwaka 2004, watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano ya kutotangaza gari lenye nguvu zaidi ya farasi 280. Wamiliki walijua kwamba injini nyingi zingeweza kutoa zaidi, na biashara kubwa ya vipuri vya kuongeza nguvu ikastawi: eksozi pana, turbo kubwa, kompyuta ya injini iliyoandikwa upya. Mwenye gari anapotaka kuliuza, mara nyingi huvua vipuri hivyo na kuviuza kando kwa bei nzuri, kisha hurudisha vya kiwandani. Gari hufika mnadani likiwa na sura ya utiifu.

Hata hivyo alama hubaki. Herufi ya Kijapani isomekayo "kai", inayomaanisha kurekebishwa, ikifuata namba ya aina ya gari, huonyesha kwamba marekebisho makubwa yalisajiliwa rasmi. Maneno ya mkaguzi kuhusu vipuri visivyo vya kiwandani nayo yasipuuzwe. Picha za ndani huweza kuonyesha matundu ya skrubu kwenye dashibodi, mahali palipokaa saa za kupima shinikizo la turbo na joto la oili. Wengine walibadilisha hata kipima mwendo, kwa kuwa magari ya Japani huwekewa kizuizi cha kilomita 180 kwa saa na kipima chake huishia hapo. Kipima kikibadilishwa, kilomita zilizoandikwa hazina maana tena, na karatasi iliyo makini husema hivyo.

Linalonipendeza zaidi katika karatasi ya gari la aina hii si daraja la juu. Ni maneno mawili: mmiliki mmoja, na daftari la matengenezo. Gari lenye daraja 3.5, mikwaruzo ya maegesho pande zote, viti vilivyochakaa kidogo na daftari linaloonyesha mkanda wa taimingi umebadilishwa, nalichukulia kuwa salama kuliko lenye daraja 4.5 linalong'aa bila karatasi hata moja. Fundi wa rangi yupo kila mtaa. Fundi anayeweza kufunga injini ya Subaru yenye silinda zilizolala akairudisha katika vipimo vyake hayupo kila mtaa.

Ndugu watatu na maradhi yao

Impreza WRX STI ya kizazi cha mwaka 2000 hadi 2007, maarufu kwa namba GDB, ina injini ya EJ207 yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,994 na gia sita zinazosifika kwa uimara. Ndugu yake asiye na herufi STI huwa na gia tano, na gia hizo ndizo udhaifu wake mkubwa zinapotumiwa kwa nguvu. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika, valvu hukutana na pistoni. Kosa hilo halina msamaha.

Lancer Evolution hadi toleo la IX lilitumia injini ya 4G63, ya sentimita za ujazo 1,997, mojawapo ya injini ngumu zaidi za ukubwa huo. Maradhi yake mengi yako nyuma, katika mfumo wa kugawa nguvu kati ya magurudumu, ambao ni wa gharama na haupendi kupuuzwa.

Mazda RX-8, iliyotengenezwa kati ya mwaka 2003 na 2012, ni mtego wa aina yake. Huonekana mnadani kwa bei inayomfanya mtu afikiri wenzake wamelala. Injini yake haina pistoni bali rota zinazozunguka, na zikiisha makali ya kufungia hewa, mgandamizo huanguka na gari linakataa kuwaka likiwa la moto. Wafanyabiashara wa Japani wanajua hilo vizuri, na bei hiyo ni maoni yao.

Kwa anayetaka raha ya kuendesha bila kubeba mzigo wa turbo, Toyota Altezza RS200, inayojulikana sana mitaani kwetu, ina injini ya lita 2 yenye nguvu ya farasi 210 kwa gia za mkono. Haikimbizani na Evolution, lakini spea zake si za kutafutwa kwa tochi.

Petroli nayo izingatiwe. Magari haya ya soko la Japani yalipangiwa mafuta ya daraja la juu ya huko, yenye oktani zinazokaribia 100. Petroli ya vituo vyetu vingi iko chini ya hapo. Injini ya turbo ikipewa mafuta ya oktani ndogo na kusukumwa, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake, na mlipuko huo ndio unaopasua pistoni. Kompyuta ya gari hujaribu kujilinda kwa kupunguza nguvu, ila kompyuta iliyoandikwa upya na mtu wa Osaka kwa mafuta ya Osaka inaweza isijilinde.

Hesabu ya kurudi nyuma

Kosa la kawaida ni kuanza na bei ya mnada kisha kujumlisha. Inafaa kuanza na fedha zote alizonazo mtu, kisha kutoa.

Tuchukue mfano wa kubuni wa Mtanzania anayeagiza Impreza ya mwaka 2005 ambayo thamani yake, pamoja na usafiri wa meli na bima hadi Dar es Salaam, imekadiriwa kuwa Sh 20 milioni. Kwa viwango vilivyozoeleka kwa miaka mingi, ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni Sh 5 milioni, na jumla inakuwa Sh 25 milioni. Juu ya jumla hiyo kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini isiyozidi sentimita za ujazo 2,000, yaani Sh 1.25 milioni, na asilimia 30 ya uchakavu kwa gari lililozidi miaka 10, yaani Sh 7.5 milioni. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 juu ya yote hayo ni Sh 6.075 milioni. Kodi pekee zimefika Sh 19.825 milioni, karibu sawa na gari lenyewe, kabla ya tozo ndogo ndogo, ada za bandari, wakala wa forodha na namba za usajili.

Injini za Subaru na Mitsubishi zilizotajwa ziko chini kidogo ya mstari wa 2,000. Nissan Skyline GT-R, yenye sentimita za ujazo 2,568, huvuka mstari huo na kulipa asilimia 10. Aidha, msomaji asisahau kwamba Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina kanzidata yake ya thamani za magari yaliyotumika, na makadirio hufuata hiyo. Mtu aliyepata bei ya bahati mnadani hapati lazima kodi ya bahati. Viwango hivi huguswa karibu kila bajeti, hivyo kikokotoo cha TRA kifunguliwe siku ya kuagiza, si mwezi uliotangulia.

Baada ya kodi, toa fedha za fundi. Mkanda wa taimingi, oili zote, plagi, breki na matairi si hiari kwa gari lililotoka mnadani. Kisha toa akiba ya injini, ambayo ni fedha za kuishusha na kuitengeneza iwapo itanoki mwaka wa kwanza. Kinachobaki ndicho kikomo cha kumpa wakala. Kama kikomo hicho hakitoshi kununua gari la aina hiyo, na kumbukumbu za mauzo ya miezi iliyopita ambazo wakala yeyote anazo zitaonyesha, basi fedha hazijatosha. Wengi hufika hapa na kuifuta akiba ya injini ili hesabu ikubali.

Milango inayofungwa

Kwa Wakenya uamuzi umerahisishwa na sheria. Gari lililotumika haliruhusiwi kuingia likizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na kwa kuwa STI ya mwisho yenye injini ya EJ20 ilitengenezwa miaka kadhaa iliyopita, nafasi ya kuiagiza moja kwa moja inakaribia ukingoni. Anayeitaka ya zamani hutafuta iliyokwisha kuingia nchini. Uganda ilipiga marufuku magari ya miaka 15 na zaidi mwaka 2018. Tanzania haifungi mlango, bali hutoza uchakavu.

Ushindani nao umebadilika. Sheria ya Marekani huruhusu gari lolote kuingia likifikisha miaka 25 tangu kutengenezwa bila kutimiza viwango vya usalama vya huko. Skyline GT-R ya R32 ilifikia umri huo mwaka 2014 na ya R34 mwaka 2024, na bei zake zikapaa mbali na mifuko ya watu wa kawaida. Impreza za GDB za mwanzo zimefikia zamu yao mwaka 2025. Mnunuzi wa Dar es Salaam sasa anapandisha bei dhidi ya Mmarekani ambaye hamwoni, na hiyo ni sababu ya kumwandikia wakala kikomo kwa tarakimu kabla ya siku ya mnada na kutompigia tena simu.

Ipo pia minada ya hapa nyumbani, ya magari ya mikopo ya benki na yale yaliyoachwa bandarini. Faida yake ni kwamba fundi anaweza kwenda na mteja wake, kulitazama gari na pengine kulisikia likiwaka. Lakini huuzwa lilivyo na mahali lilipo, bila marejesho, na gari la kasi lililoporwa kwa deni mara nyingi lilikwisha kukosa oili kabla mwenyewe hajakosa rejesho. Ukilitaka, hakikisha kadi, madeni ya faini na namba ya chesisi kabla ya kuinua mkono.

Kwa anayeendelea na Japani, malalamiko dhidi ya karatasi isiyo ya kweli hupokelewa kwa siku chache tu baada ya mnada, wakati gari lingali huko. Hivyo fedha nyingine kidogo itumike kumwomba wakala alifikishe gari kwa fundi wa Kijapani apime mgandamizo wa silinda na kulitazama chini, hasa kama limetoka Hokkaido, ambako barabara za majira ya baridi humwagiwa chumvi. Likishapakiwa melini, hoja zote hubaki kwa mwenye gari.

Likifika bandarini, lisiondoke kwa kuendeshwa hadi Mbezi kwa furaha. Lipakiwe kwenye gari la kubebea, lifike gereji, oili na mkanda vibadilishwe, na mtu mwenye ujuzi wa kompyuta za injini aangalie kama iliyomo ni ya kiwandani. Kilomita 1,000 za mwanzo ziwe za upole, huku kijiti cha oili kikitazamwa kila asubuhi.